Glaida yetu ni ya kilo 525: tukate bima ipi?

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Reading, Uingereza, na ni mwanachama wa kilabu cha glaida, zile ndege zisizo na injini, huko Hampshire. Mwezi uliopita mimi na mwenzangu, mtu wa Tanga, tulinunua glaida aina ya Discus b kwa ubia, nusu kwa nusu. Tulitoa pauni 24,000 kwa jumla: glaida yenyewe, trela, vifaa vya chumba cha rubani na parachuti moja. Hadi sasa tulikuwa tukirusha glaida za kilabu, na bima ilikuwa shughuli ya kilabu. Sasa ni yetu.

Tumeletewa bei tatu. Ya kwanza ni bima ndogo tu, yaani ya madhara kwa watu wengine na mali zao, kikomo chake pauni 750,000. Ya pili ni bima kubwa: glaida imethaminiwa kwa pauni 18,000, ekses, yaani kile kiasi cha kwanza tunachotoa mfukoni kila tunapodai, ni pauni 250, na kikomo cha madhara kwa wengine ni pauni milioni 1. Ya tatu nayo ni bima kubwa: thamani pauni 24,000, ekses pauni 1,000, kikomo pauni milioni 2. Hii ya tatu inaizidi ya pili kwa pauni mia moja na kitu kwa mwaka.

Mwenzangu anataka ya pili. Rafiki yetu mwenye glaida aina ya Standard Cirrus anasema hata ile ya 750,000 inatosha, maana ndiyo aliyonayo yeye na hajawahi kusumbuliwa. Tena, sisi hatuna mpango wa kutia maji ya kuongeza uzito kwenye mabawa, kwa hiyo glaida itakuwa nyepesi.

Kuna mambo mengine mawili. Miaka miwili iliyopita mwenzangu alitua vibaya na glaida ya kilabu, bawa likashika nyasi, mkia ukaumia. Kilabu kilitengeneza kwa bima yake. Fomu inauliza kuhusu ajali. Je, hiyo inahesabika na glaida haikuwa yetu? Halafu majira ya joto tunataka kuivuta mpaka Sisteron, Ufaransa, tukaruke milimani. Tufanyeje?

Mwenye nusu glaida, Reading

*

Ndugu yangu mwenye nusu glaida,

Hongereni kwa Discus. Kabla hamjabishana juu ya bei, toeni hati ya ndege mtazame uzito wa juu wa kuruka. Kwa Discus b ni kilo 525, na namba hiyo inaziondoa bei mbili kati ya tatu mlizo nazo.

Sheria inayowahusu ni Kanuni namba 785 ya mwaka 2004. Ilianzia Umoja wa Ulaya, na Uingereza iliibakiza katika sheria zake baada ya kujitoa. Kanuni hiyo inapanga kiwango cha chini cha bima ya madhara kwa wengine kulingana na uzito wa juu wa ndege. Chini ya kilo 500, kiwango ni SDR 750,000. Kuanzia kilo 500 hadi chini ya 1,000, ni SDR milioni 1.5. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF kinachotokana na dola, yuro, yuani, yeni na pauni. Thamani yake hupanda na kushuka, lakini kwa miaka ya karibuni SDR moja imekuwa ikizidi pauni moja kidogo.

Standard Cirrus ya rafiki yenu ina uzito wa juu wa kilo 390. Yeye yuko daraja la kwanza, ninyi mko la pili. Bima ya pauni 750,000 haifiki hata nusu ya mnachodaiwa kisheria, na ile ya milioni 1 nayo haifiki. Hata kwake yeye, pauni 750,000 kamili hazitoshi, kwa sababu SDR ikiwa juu ya pauni anakuwa amepungukiwa bila kujua. Mwambieni aulizie kikomo cha milioni 1 au zaidi.

Hoja ya maji haisaidii. Kanuni inatazama uzito wa juu ulioidhinishwa katika hati za ndege, haitazami mlichopakia siku hiyo. Matangi yakae makavu mwaka mzima, glaida yenu itabaki ya kilo 525 mbele ya sheria.

Kuvuka kilo 500 kunaleta na jambo la pili ambalo wengi hulikosa. Glaida za chini ya uzito huo zinazorushwa kwa starehe zimesamehewa kuwa na bima ya hatari za vita na ugaidi. Yenu haikusamehewa. Katika mikataba ya bima za ndege, hatari hizo kwanza huondolewa zote kwa kifungu kiitwacho AVN 48, kisha upande wa madhara kwa wengine hurudishwa kwa kifungu cha AVN 52. Itafuteni hiyo AVN 52 kwenye mkataba wenu. Kama haipo, mwambieni dalali wa bima aiingize na aandike kwenye cheti cha bima kwamba masharti ya Kanuni 785/2004 yametimizwa. Cheti hicho ndicho kitakachoulizwa kilabuni, na ndicho kitakachoulizwa Ufaransa.

Glaida yenu ina kiti kimoja, kwa hiyo bima ya abiria haiwahusu. Mkiiona imeorodheshwa na kutozwa, ulizeni ni ya nini.

Sasa tuje kwenye thamani, ambako ndiko watu wengi huumia. Bima nyingi za glaida hukatwa kwa thamani ya makubaliano: mnaandika kiasi, kampuni inakikubali, na glaida ikipotea kabisa hicho ndicho kinacholipwa, bila ubishi wa bei ya soko. Mwenzako anaona kwamba kushusha thamani hadi 18,000 kunapunguza malipo ya mwaka. Ni kweli kunapunguza. Lakini thamani hiyo haitumiki siku ya kupotea kabisa tu. Ndiyo pia inayoamua kama glaida iliyovunjika itatengenezwa au itahesabiwa imekufa.

Tuchukue mfano, na ili hesabu iwe rahisi tuihesabu thamani yote kuwa ya glaida peke yake. Mmetua shambani, ncha ya bawa ikashika mimea, glaida ikazunguka ghafla na mkia ukavunjika mbele kidogo ya pezi. Fundi anasema matengenezo ni pauni 13,000. Tuseme mkataba unaipa kampuni haki ya kuihesabu glaida imekufa pale gharama zinapopita asilimia 70 ya thamani iliyoandikwa. Kwa thamani ya 24,000, mpaka ni 16,800. Glaida inaenda kwa fundi na inarudi. Kwa thamani ya 18,000, mpaka ni 12,600, glaida imekufa. Mnapewa 18,000 kasoro ekses, kampuni inachukua mabaki, nanyi mnaingia sokoni kutafuta glaida ya 24,000 mkiwa mmepungukiwa 6,000 na zaidi. Asilimia yenyewe hutofautiana kati ya mkataba na mkataba, kwa hiyo itafuteni kwenye mkataba wenu. Hesabu ni ile ile.

Njia salama ya kupunguza malipo ni kupandisha ekses. Ekses ya pauni 1,000 kwa watu wawili ni 500 kila mmoja, pesa ambayo mtu anaweza kuipata ndani ya mwezi mmoja au miwili. Pengo la 6,000 ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kati ya tatu mlizoleta, ya tatu ndiyo bima, na nyongeza ya pauni mia na kitu ni halali yake. Ila msiisaini bado. Mrudieni dalali wa bei ya pili mwombe hesabu mpya kwa thamani 24,000, kikomo milioni 2, ekses 1,000. Hapo ndipo mtakuwa mnalinganisha vitu vya aina moja.

Na hiyo 24,000 igawanyeni kimaandishi: glaida kiasi gani, trela kiasi gani, vifaa kiasi gani, parachuti kiasi gani. Orodhesheni kila kifaa kwa aina yake na namba yake: redio, FLARM (kifaa cha kuonya ndege zisigongane), kompyuta ya kuruka, transponda (kifaa kinachoijibu rada) kama ipo. Kifaa kisichoandikwa hugeuka mjadala siku kinapoibiwa. Mkiongeza kifaa katikati ya mwaka, tumeni barua pepe siku hiyo hiyo.

Trela lina mtego wake. Likiwa limeungwa nyuma ya gari, madhara kwa watu wengine barabarani kwa kawaida hubebwa na bima ya gari linalovuta. Uharibifu wa trela lenyewe na wa glaida iliyomo ndani hauko humo. Unatakiwa uwe kwenye bima ya glaida. Ulizeni kwa maneno haya: je, glaida ina bima ikiwa barabarani, ikiwa imeegeshwa ndani ya trela, na wakati tunaunga na kufungua mabawa? Kazi ya kuunga mabawa huumiza glaida kuliko watu wanavyodhani. Bawa linaponyoka mkononi mwa mtu mmoja, mzizi wake hupiga ubavu wa glaida au sakafu ya trela, na dai linaanzia hapo.

Kwa wizi, angalieni kama mkataba unadai kufuli ya kiungo cha kuvutia au ya gurudumu. Ukiidai, nunueni leo. Kwa upepo, trela la glaida ni refu na jepesi, na dhoruba ya majira ya baridi hulipindua bila shida. Lifungwe kwenye nanga za ardhini pande zote mbili. Tairi nazo huzeeka kabla hazijalika, kwa sababu trela hukaa muda mrefu kuliko linavyotembea. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki ya kutengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye nyufa iliyopasuka barabarani inampa mkadiria hasara nafasi ya kusema mmezembea matunzo.

Hapo tumegusa jambo ambalo bima hailipi: uchakavu. Makosa ya rubani hulipwa, ndiyo kazi ya bima. Kusahau kuteremsha gurudumu, kutua kwa kishindo, kutofunga kioo cha chumba cha rubani kikafunguka wakati wa kuvutwa na winchi, yote hayo kwa kawaida yamo. Gelikoti, yaani lile tabaka gumu la nje la glaida, iliyopasuka kwa umri haimo. Na kwa glaida ya rika la Discus b, ambayo ilianza kutengenezwa miaka ya 1980, gelikoti ni jambo zito: kuipaka upya yote kunaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya glaida.

Kwa hiyo kabla bima haijaanza, toeni glaida nje siku ya jua, muifute vizuri, mpige picha. Kwenye mabawa tafuteni zile nyufa nyembamba kama unywele zinazotoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma. Pigeni pia mzizi wa kila bawa, sehemu nyembamba ya mkia mbele ya pezi, milango ya gurudumu, na kioo kikitazamwa kwa upande ili mikwaruzo ionekane. Picha zikae na tarehe zake mahali ambapo nyote wawili mnazifikia. Siku ya ajali, swali la kwanza la mkadiria litakuwa ni nyufa zipi za zamani na zipi za leo. Mwenye picha ana jibu.

Sasa hiyo ajali ya mwenzako. Iandikeni, bila kusita. Fomu ikiuliza ajali au madai ya rubani, inamuuliza rubani, haijali ndege ilikuwa ya nani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi inakutaka uchukue uangalifu wa kutosha usitoe taarifa isiyo ya kweli. Ukidanganya kwa makusudi, kampuni inaweza kuufuta mkataba wote na kukataa dai. Ukikosea kwa uzembe, inaweza kukata fidia kwa uwiano: kama mngetakiwa kulipa 600 nanyi mmelipa 450, mmelipa asilimia 75, basi dai la 12,000 linalipwa 9,000. Andikeni tarehe, aina ya glaida, kilichotokea kwa sentensi mbili, na mafunzo aliyopewa na mwalimu baada ya hapo kama yapo. Huenda malipo yakapanda kidogo. Ni afadhali hivyo.

Fomu itataka pia saa za kila rubani na saa zake kwenye aina hii ya glaida. Toeni namba kutoka kwenye kitabu cha safari, msikadirie. Majina yenu yote mawili yawe kwenye mkataba kama wamiliki na kama marubani. Siku mkitaka rafiki airushe, someni kwanza kifungu cha marubani wengine. Huwa kinataka saa kadhaa za chini, na asiyezifikisha anaruka bila bima. Baina yenu wawili, wekeni karatasi ya ubia inayosema nani analipa ekses. Utaratibu ulio wazi zaidi ni aliyekuwa akirusha ndiye anayelipa, na ikiharibika ikiwa imeegeshwa mnagawana.

Masharti ya kuruka nayo yana uzito. Cheti cha ukaguzi wa kila mwaka kiwe hai, leseni na cheti cha afya viwe hai. Na tazameni bango la uzito ndani ya chumba cha rubani. Kama mmoja wenu pamoja na parachuti yake hafiki uzito wa chini ulioandikwa pale, lazima aongeze vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Glaida yenye rubani mwepesi kupita kiasi inalemea mkiani na ni hatari kweli. Jambo la bima linafuata baadaye. Sheria ya Bima ya mwaka 2015 inawapa kinga fulani: kampuni haiwezi kukataa dai kwa sababu ya sharti lililovunjwa kama mnaweza kuonyesha kwamba kulivunja hakungeweza kuongeza uwezekano wa hasara iliyotokea. Cheti kilichokwisha hakihusiani na trela lililopinduliwa na upepo. Lakini hiyo ni ngao ya kujitetea nayo mkishafikwa, msiipangie safari.

Kuhusu Sisteron: kifungu cha maeneo ndicho cha kusoma. Mikataba mingine huishia Uingereza mpaka uombe nyongeza. Ombeni Ufaransa na Italia pamoja, kwa maana huko Alpi mpaka uko karibu na siku nzuri utajikuta juu ya Italia. Ulizeni kama kuruka milimani kuna sharti la uzoefu au ekses yake, kama safari ya barabarani ya kwenda na kurudi imo, na leseni gani wanayoitaka kwa glaida yenye usajili wa Uingereza nje ya nchi. Kama mnafikiria mashindano, kuruka ndani ya mawingu au sarakasi za angani, kila kimoja kitajwe kwa jina.

Wakati wa baridi kuna kishawishi cha kuisimamisha bima. Kampuni nyingine hukubali kuibadilisha iwe ya ardhini tu, kwa punguzo. Hiyo sawa. Kuiondoa kabisa, hapana. Dhoruba zinazopindua matrela huja miezi hiyo hiyo.

Mkipata ajali, hakikisheni kwanza watu wako salama, kisha pigeni picha kabla ya kusogeza chochote. Ajali inayopaswa kuripotiwa iende kwa AAIB, kitengo cha serikali kinachochunguza ajali za ndege, na glaida isiguswe mpaka waruhusu, isipokuwa kumwokoa mtu. Mwenye shamba mpeni majina na namba ya bima, muwe na adabu naye, lakini msikubali kosa wala msimlipe papo hapo. Hayo ni ya kampuni. Msianze matengenezo kabla mkadiria hajaona, na vipande vyote viwekwe. Gari la kuichukua glaida lisikanyage mimea bila ruhusa ya mwenye shamba, kwa sababu uharibifu wa gari huenda usihesabiwe kuwa wa glaida.

Mkishalipa, mnazo siku 14 za kughairi. Zitumieni kuusoma mkataba mzima, si muhtasari, mkiwa wawili mezani, na kila jibu mlilopewa kwa simu mlitake kwa barua pepe. Baadaye mkigombana na kampuni juu ya dai, peleka malalamiko kwao kwa maandishi kwanza. Wakikukatalia, au wiki nane zikipita bila jibu la mwisho, mnaweza kwenda kwa Financial Ombudsman Service, chombo kinachosuluhisha malalamiko dhidi ya kampuni za fedha na bima, bila malipo. Baada ya jibu la mwisho mna miezi sita.

Mshauri